"Refugee" na Mkimbizi wa Goma: Asili, Maana na Tatizo la Tafsiri

1. Utangulizi

Katika kazi ya tafsiri yapo maneno ambayo huhesabiwa kuwa hayana matatizo. Mfasiri akiyakuta hasiti wala hafungui kamusi. Neno la Kiingereza "refugee" ni mojawapo. Toka Dar es Salaam hadi Nairobi, toka Kigoma hadi Goma, kisawe chake kinajulikana kuwa ni "mkimbizi", na suala huonekana kuwa limekwisha.

Makala haya yanadai kuwa suala halijakwisha. "Refugee" ni neno ambalo Kiingereza kililikopa kutoka Kifaransa, na ndani yake mna historia ya watu maalumu waliopokelewa mahali maalumu. "Mkimbizi" halikukopwa popote; limezaliwa ndani ya Kiswahili kutokana na kitenzi -kimbia. Maneno haya mawili yanamtaja mtu mmoja kutoka pande mbili. La Kifaransa na Kiingereza linamtazama alipofika; la Kiswahili linamtazama akiwa bado mbioni. Tofauti hiyo yaweza kuonekana kuwa ni ya wanaisimu tu. Lakini uko mji mmoja ambako tofauti hiyo imehusu chakula, hema, karatasi, na mara nyingine uhai wenyewe.

Mji huo ni Goma, makao makuu ya Kivu ya Kaskazini. Goma umejengwa kwenye mpaka wa Rwanda, ukigusana na Gisenyi, kati ya Ziwa Kivu na mlima wa volkeno wa Nyiragongo. Kifaransa ni lugha ya ofisi za serikali, Kiingereza kimekuja pamoja na mashirika ya kimataifa, na Kiswahili, mojawapo ya lugha nne za taifa nchini Kongo, ndicho lugha ya soko, kanisa na mtaa. Kwa hiyo hapo "réfugié", "refugee" na "mkimbizi" hukutana kila siku, na ndipo panapofaa kupimwa kama kweli ni neno moja.

2. Asili ya neno

Mzizi wa neno ni wa Kilatini. Fugere ni kukimbia. Kwa kutanguliza kiambishi re- hupatikana refugere, yaani kukimbia kwa kurudi nyuma au kujitenga na hatari. Kutokana nacho ikaundwa nomino refugium, mahali pa kukimbilia. Kifaransa kilirithi "refuge" kwa maana hiyo hiyo ya mahali, kikaunda kitenzi "se réfugier", kukimbilia mahali pa usalama, na kutokana na kitenzi hicho kikapata "réfugié". Umbo la mwisho ni la tendo lililokwisha kutimia. "Réfugié" kwa asili ni mtu ambaye amekwisha kufika kwenye kimbilio. Aliye bado njiani hajastahili jina hilo.

Neno liliingia katika Kiingereza pamoja na watu waliolibeba. Mwezi Oktoba 1685 mfalme Louis XIV wa Ufaransa alifuta Amri ya Nantes, ambayo tangu 1598 ilikuwa imewapa Waprotestanti wa nchi hiyo haki ya kuabudu. Waprotestanti hao, waliojulikana kama Huguenots, walitoroka kwa maelfu. Inakadiriwa kuwa waliotoka Ufaransa walifikia 200,000 hivi, na kama 50,000 kati yao walikwenda Uingereza. Wengine walipokelewa Uholanzi na Prussia, na kikundi kidogo kilifika Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, mwaka 1688. Jumuiya yao iliyotawanyika waliiita "le Refuge", Kimbilio. Jina la mahali likawa jina la watu.

Waingereza waliandika silabi ya mwisho ya neno hilo kwa -ee, na kwa kufanya hivyo wakaliweka katika ukoo wa maneno ya sheria yaliyotoka kwa Wanormani, kama vile "lessee", aliyepangishwa, na "payee", mlipwa. Maneno ya ukoo huo humtaja mtu anayetendewa: penye mlipwa sharti pawe na mlipaji. Kwa asili "refugee" halikuwa na maana hiyo, kwani Mhuguenot alikuwa amekimbia kwa miguu yake mwenyewe. Hata hivyo neno limekaa miongoni mwa wapokeaji, na si ajabu kwamba leo linapotajwa humleta akilini mtu aliyenyosha mkono.

Maana ilipanuka polepole. Kufikia mwisho wa karne ya 18, kamusi elezo ya Britannica ilieleza kuwa jina lililokuwa la Waprotestanti wa Ufaransa lilikuwa limeanza kutumiwa kwa wote wanaoacha nchi zao wakati wa dhiki, hasa baada ya makoloni ya Amerika kuasi. Vita vya 1914 vilipowafukuza raia wa Ubelgiji makwao, Kiingereza kiliwaita "refugees" hata watu waliokuwa barabarani, kabla ya kupata pa kufikia. Hapo neno la Kiingereza lilisogea karibu sana na mkimbizi wa Kiswahili: aliyefika na anayekimbia wakawa kitu kimoja. Mwaka 1943 Hannah Arendt, Myahudi wa Ujerumani aliyekuwa amekimbilia New York, aliandika insha iitwayo "We Refugees", akionyesha jinsi watu wa hali yake walivyochukia kuitwa kwa jina hilo. Neno ambalo Wahuguenots walilibeba kama bendera ya imani lilikuwa limekwisha kuwa alama ya unyonge.

3. Sheria na mstari wa mpaka

Upanuzi huo ulizuiwa na sheria. Mkataba uliotiwa saini Geneva tarehe 28 Julai 1951 ulimfafanua "refugee", na kwa Kifaransa "réfugié", kuwa ni mtu aliye nje ya nchi ya uraia wake kwa sababu anaogopa, kwa misingi ya haki, kuteswa kutokana na rangi, dini, utaifa, kundi la jamii au maoni ya kisiasa. Itifaki ya 1967 iliondoa mipaka ya wakati na mahali iliyokuwa katika mkataba huo. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, uliopitishwa Addis Ababa tarehe 10 Septemba 1969, uliongeza wanaokimbia uvamizi, utawala wa kigeni na machafuko makubwa katika nchi yao. Nayo Kongo ilipitisha sheria yake kuhusu hadhi ya "réfugié" tarehe 16 Oktoba 2002.

Katika maandiko yote hayo sharti moja halibadiliki: awe amevuka mpaka. Aliyekimbia bila kuvuka alikuja kupewa jina jingine, "déplacé" kwa Kifaransa na "displaced person" kwa Kiingereza, na Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa za 1998 zilimweleza kuwa ni mtu aliyelazimika kuacha makazi yake bila kupita mpaka wa nchi unaotambulika kimataifa. Basi neno lililokuwa limeenea likakatwa vipande viwili, na kisu kilichotumika ni mstari wa mpaka. Kiswahili hakikushiriki katika kulikata.

4. Umbo na maana ya "mkimbizi"

Ili kuelewa Kiswahili kilifanya nini, ni vyema kulichambua neno lenyewe. Nomino nyingi za watenda huundwa kwa kiambishi m- mwanzoni na -i mwishoni. Vitenzi vinavyoishia na irabu mbili, ambavyo zamani vilikuwa na sauti l kabla ya irabu ya mwisho, huonyesha z mahali hapo: -nunua hutoa mnunuzi, -chukua mchukuzi, -tetea mtetezi, -tembea mtembezi. L iliyopotea bado inaonekana katika nunuliwa na chukuliwa. Kwa kanuni hiyo -kimbia hutoa mkimbizi, yaani akimbiaye.

Lakini umbo hilo hilo laweza kutokana na kitenzi cha kusababisha. Muuguzi hatokani na -ugua bali na -uguza. Si mgonjwa, ni amtunzaye mgonjwa. Kiongozi hutokana na -ongoza. Kwa kanuni hii ya pili, -kimbiza nacho kingetoa mkimbizi, yaani akimbizaye wengine. Matumizi ndiyo yaliyoamua kuwa mkimbizi ni yule anayekimbia. Umbo peke yake halikuamua. Jambo hili litarejewa hapa chini.

La kuzingatia zaidi ni kile ambacho Kiswahili kilikiacha. Kitenzi -kimbia huweza kuchukua yambwa: watu hukimbia vita, hukimbia njaa, hukimbia nchi. Kikiongezwa kiambishi cha kutendea huwa -kimbilia, na hapo hutaja waendako: watu hukimbilia mjini, hukimbilia kwa ndugu. Kutokana na -kimbilia lugha imeunda kimbilio, neno ambalo wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanalifahamu katika habari za miji ya makimbilio. Kimbilio ndilo refugium hasa. Njia ya kumtaja mtu kwa kimbilio lake ilikuwepo, ila Kiswahili hakikuifuata. Kilimtaja kwa mbio zake.

Katika hilo Kiswahili hakiko peke yake. Kinyarwanda, lugha ya pili ya watu wengi wa Goma na ya kwanza kwa baadhi yao, humwita mtu huyo impunzi, kutokana na guhunga, kukimbia, ingawa nacho kina ubuhungiro, mahali pa kukimbilia. Kijerumani husema "Flüchtling", kwa kitenzi cha kukimbia. Kwa upande mwingine Kiarabu, ambacho Kiswahili kimechota kwake maneno mengi, hutumia laji', aombaye hifadhi, na mtazamo wake ni ule wa Kifaransa. Kila lugha imechagua wakati mmoja wa safari na kuufanya jina la msafiri.

5. Goma: neno katika majaribio

Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ililipuka, na mto wa moto ukapita katikati ya Goma hadi ziwani. Watu kwa malaki waliondoka. Wengi walivuka kuingia Gisenyi, wengine walikwenda magharibi kuelekea Sake. Kwa siku chache mji mmoja ulikuwa umegawanyika pande mbili za mpaka, kisha wengi wakarudi kwenye mawe yenye joto. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka tena, na siku chache baadaye amri ya kuhama sehemu ya mji ikatolewa. Kwa mara nyingine barabara ya Sake na vituo vya mpaka vya Gisenyi vilijaa.

Watu hawa waitweje? Waliofika Sake ni "déplacés". Waliofika Gisenyi wamevuka mpaka, lakini volkeno haimo katika mkataba wa 1951, hivyo "réfugiés" kwa maana ya sheria ile hawakuwa. Kwa Kifaransa cha ofisini, ndugu wawili waliotoka nyumba moja usiku mmoja, mmoja akikata kulia na mwingine kushoto, wana majina mawili, na la mmoja wao halijulikani vyema. Kwa Kiswahili cha mtaani wote wawili ni bakimbizi, kwani wote wawili wamekimbia. Ni vigumu kusema kuwa hapo Kiswahili ndicho kilichokosea.

Lakini Goma ina jaribio jingine, na hilo halikisifu Kiswahili kwa urahisi. Katikati ya Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda, Wanyarwanda wapatao 850,000 waliingia Goma na vitongoji vyake kwa siku chache. Kipindupindu kiliwakuta juu ya ardhi ya mawe ya volkeno isiyochimbika, na katika mwezi wa kwanza karibu watu 50,000 walikufa. Kambi za Kibumba, Katale na Mugunga zikajulikana duniani. Walio wengi walikuwa watu wa kawaida, wanawake na watoto. Lakini pamoja nao walikuwapo askari wa serikali iliyoshindwa na wanamgambo wa Interahamwe, waliokuwa wameshiriki katika kuua, na ambao sasa walitawala kambi na kugawa misaada. Novemba 1994 tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka liliondoka katika kambi hizo kwa sababu hiyo. Kambi zilivunjwa kwa vita mwishoni mwa 1996.

Hapa ule utata wa umbo la neno hukoma kuwa mchezo wa sarufi. Katika kambi moja walilala anayekimbia na aliyekuwa amewakimbiza wengine, na wote walikuwa wakimbizi. Mkataba wa 1951, katika kifungu chake cha kwanza, unamnyima hadhi ya "réfugié" mtu ambaye kuna sababu nzito za kuamini kuwa ametenda jinai dhidi ya ubinadamu. Kifungu hicho kilikuwepo, ingawa mwaka 1994 hapakuwa na nguvu ya kukitekeleza. Neno la Kiswahili halina kifungu. Linauliza tu kama mtu amekimbia. Haliulizi amekimbia nini, wala kama alichokikimbia ni hatari au ni hukumu. Upana uliokuwa hekima siku ya volkeno ulikuwa pazia siku ya kambi.

6. Tahakiki ya visawe vilivyopendekezwa

Ili kuziba pengo kati ya "réfugié" na "déplacé", watumiaji wa Kiswahili wamejaribu njia tatu.

Ya kwanza ni "mkimbizi wa ndani", iliyoenea katika idhaa za redio na katika taarifa za mashirika. Ni istilahi inayoeleweka, lakini ina dosari. Inamfanya aliyevuka mpaka kuwa mkimbizi kamili, na asiyevuka kuwa mkimbizi wa daraja la pili, anayehitaji kivumishi. Aidha, "ndani" hiyo hupimwa kwa mipaka ya dola. Kwa mtu wa Masisi aliyefika Goma akiwa na godoro kichwani, hakuna lolote la ndani: yuko nje ya nyumba, nje ya shamba, nje ya ukoo wake.

Ya pili ni "mhami", wingi "wahami", inayosikika katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo. Inatokana na -hama, na ubora wake ni kuwa haimwekei mtu mpaka. Udhaifu wake ni kuwa kuhama kwaweza kuwa kwa hiari. Mfugaji huhama, mpangaji huhama. Isitoshe, Kiswahili sanifu kina kitenzi -hami chenye asili ya Kiarabu, maana yake kulinda na kutetea. Msomaji wa pwani akikuta "wahami" aweza kudhani kuwa wanaotajwa ni walinzi, jambo ambalo ni kinyume kichungu cha hali yao.

Ya tatu ni kutohoa moja kwa moja, "badeplase", kama wasemavyo wengi mitaani Goma. Wapenzi wa usanifu hulicheka neno hili, lakini lina jambo la kufundisha. "Déplacé" ni umbo la kutendwa: mtu ameondolewa mahali pake na mwingine. Kiswahili kina umbo linalolingana nalo kabisa bila mkopo wowote. Kama mfungwa ni aliyefungwa na mpendwa apendwaye, basi aliyekimbizwa ni mkimbizwa. Haidaiwi hapa kuwa neno hilo lienezwe kwa amri, kwani istilahi haziishi kwa amri. Lakini linaonyesha kuwa sarufi ya Kiswahili inaweza kuuliza swali ambalo "refugee" halijawahi kuliuliza: amekimbizwa na nani?

Kuna pia suala la wakati. Nomino za watenda zenye -i huelekea kutaja tabia au hali ya kudumu: msomi, mlevi, mwizi. Aliyekimbia mara moja huweza kubaki mkimbizi miaka yote. Liisa Malkki, katika kitabu chake cha 1995 kuhusu Wahutu wa Burundi waliokimbilia Tanzania mwaka 1972, alionyesha kuwa waliokaa katika makazi ya Mishamo walilishika jina la mkimbizi kama sehemu ya utambulisho na historia yao, ilhali waliokaa katika mji wa Kigoma walilikwepa ili waishi kama watu wengine. Neno lilikuwa moja. Kambini lilikuwa heshima, mjini lilikuwa mzigo. Tanzania ilipowapa uraia zaidi ya 160,000 kati ya watu hao na wazao wao, waliitwa "raia wapya". Ilihitajika karatasi ya serikali ili mbio za 1972 zikome.

7. Hitimisho

Neno lililokopwa na Kiingereza kutoka Kifaransa lilianza na kimbilio, likapanuka hadi barabarani, kisha sheria ikalifunga kwenye mpaka. Neno la Kiswahili lilianza barabarani na limebaki huko. Kwa hiyo "refugee" na "mkimbizi" si visawe kamili, na mfasiri anayevibadilishana bila kufikiri huhamisha mipaka ya sheria moja kwenda katika lugha isiyoijua, au hufuta mipaka inayohitajika.

Tiba si kulifinya "mkimbizi" ili lifanane na istilahi ya Geneva. Upana wake ni mali ya wasemaji wake, na siku ya hatari ndio unaofaa. Tiba ni kuirudisha kazi kwa kitenzi. Pale sheria, takwimu au tuhuma zinapohusika, sentensi iseme waliokimbia nini, walikokimbilia, na waliokimbizwa na nani. Kiswahili kina viambishi vya kusema yote matatu.

Mwezi Januari 2025 waasi wa M23, ambao walikuwa wameushika mji kwa siku chache mwezi Novemba 2012, waliingia Goma kwa mara ya pili, na katika wiki zilizofuata kambi zilizouzunguka mji zilivunjwa. Waliokuwamo walitakiwa kuondoka. Baadhi walirudi kwenye vijiji walivyokuwa wamevikimbia, wengine walitawanyika. Taarifa za Kifaransa na Kiingereza ziliwaita "retournés" na "returnees", watu waliorudi. Mkimbizi anayekimbizwa kutoka kwenye kimbilio lake ameshapoteza hata lile jina la Kilatini, kwa kuwa refugium yenyewe haipo tena. Kiswahili kinaweza kuendelea kumwita mkimbizi, lakini mfasiri anayemwandika bado anadaiwa yale maswali matatu.